Sauti Iliyoandikwa Kalunde: Bi. Mutindi Kivuva Anaaga Chumba cha Simu

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1996, Bi. Mutindi Kivuva anavua hedifoni kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia idara ya simu kwa miaka thelathini na mmoja, Kitui na Kibwezi. Aliingia kazini akiwa msichana wa gauni la maua na viatu vya kuazima, na mtoto asiye wake mgongoni. Anatoka akiwa opereta mkuu, nyanya wa wajukuu, na mtu ambaye sauti yake inajulikana wilaya mbili ingawa wengi hawajawahi kuuona uso wake.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Sauda Hemedi, niandike wasifu huu kwa sababu nimeketi naye kwenye ubao wa simu tangu mwaka wa 1973. Walidhani nitakuwa na hakika ya mambo. Sina. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena, maana kila nikifika mahali pa kusema waziwazi nani aliimba nini, nakuwa kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alikuja kuchukua nini. Basi nitaeleza yalivyotokea, na msomaji akichanganyikiwa ajue hayuko peke yake.

Bi. Mutindi alizaliwa Kyuso mwaka wa 1941, binti wa Mzee Kivuva na Bi. Mumbua. Alikuwa na dada mmoja, Kalunde, aliyemtangulia kwa miaka minne. Nyumba yao ilikuwa ya nyimbo. Mama yao alizijua mbathi, nyimbo za zamani za Kikamba, zile ndefu zenye kisa ndani yake: mchungaji aliyepotelea upande wa Ngomeni na mbuzi wa watu, mwanamke aliyeolewa mbali akarudi kwao kwa miguu, mume aliyetoka kwenye mashamba ya mkonge akakuta mke wake hamtambui. Binti zake waliziokota wakipalilia ndengu, mama akitanguliza mstari na wao wakiitikia. Sauti za watatu, zikipaazwa, zilifanana hivi kwamba Mzee Kivuva, akiwa zizini, hakuweza kusema ni nani aliyemwita aende kula.

Kalunde ndiye aliyekuwa na jina. Alikuwa mchangamfu, hana haya, na kila kikundi cha kulima kilipokutana kilimtaka yeye aanzishe wimbo. Mutindi alipenda shule. Alimaliza darasa la nane, jambo lisilo dogo kwa msichana wa Kyuso wakati ule, na alikuwa nyumbani akisubiri kazi mashine ilipofika.

Ilikuwa mwaka wa 1963, uhuru ukiwa karibu. Bwana Muthama, kijana wa Makueni aliyekuwa akizunguka kukusanya nyimbo za zamani, alifika Kyuso na Land Rover na mashine kubwa ya kurekodi iliyotumia betri ya gari. Alimuulizia Kalunde. Siku hiyo upepo ulivuma hata kila alichorekodi nje kilijaa mchanga, kwa hiyo wanawake waliingizwa ndani ya ghala la nafaka, mlango ukazibwa kwa magunia, na kipaza sauti kikaning'inizwa katikati ya vibuyu na mitungi. Waya ulipita chini ya magunia hadi kwenye gari. Bwana Muthama akakaa nje, hedifoni masikioni, akizungusha vitufe vyake.

Kwa hiyo aliyerekodi alikuwa nje kwenye jua, na walioimba walikuwa ndani gizani. Fujo yote inaanzia hapo.

Kalunde alikuwa mjamzito na mimba ilikuwa inamsumbua. Aliimba kidogo, akatapika, akajilaza juu ya magunia, akaamka akaimba tena. Alipoachia, Mutindi alishika. Mama yao naye aliitikia, na hadi alipofariki alishikilia kwamba hakuitikia tu. Huko nje Bwana Muthama alisikia sauti moja nzuri isiyochoka, akafurahi sana. Nyimbo zilitoka kwenye santuri mwaka uliofuata, na kwenye duara la katikati paliandikwa Kalunde wa Kyuso. Hakuna aliyelalamika. Mgeni alikuja kwa ajili ya Kalunde, na jina la Kalunde ndilo alilorudi nalo.

Lakini Kalunde hakuiona santuri hiyo. Ilipofika Kyuso alikuwa ameshafariki kwa homa, ameacha mtoto wa kike anayenyonya, jina lake Kasyoka. Baba ya mtoto alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi na hakuonekana tena. Mutindi akambeba mtoto, na mwaka wa 1965 alipoajiriwa kuwa opereta Kitui, akaenda naye.

Kwa vijana waliokuja kazini juzi, ambao simu kwao ni kubonyeza tu, nieleze kidogo. Mtu alizungusha mkono wa simu yake na kijitaa kikawaka kwenye ubao wetu. Ulichomeka plagi, ukauliza anamtaka nani, ukamtafutia laini. Ukitaka Mombasa ulipitia vituo vingine na ukangoja, na mpigaji alingoja nawe, amekushikilia sikioni mwake. Kazi hiyo inataka sauti isiyokasirika, na Bi. Mutindi alikuwa nayo. Waliofunzwa na yeye wametapakaa nchi nzima. Mwaka wa njaa wa 1984, malori ya mahindi yalipokuwa yakipotea njia na kila ofisi ikipigia kila ofisi, aliletewa isyo yake ya mahindi na maharagwe kwenye ubao na akaila mkono mmoja, mwingine umeshika plagi. Mkuu wa wilaya wa wakati huo alimwandikia cheti. Amekitundika jikoni, ambako anasema moshi unakipa heshima.

Mimi nilimkuta Kibwezi, alikohamishiwa mwaka wa 1972. Nilikuwa mgeni kazini, msichana wa mjini Kitui niliyezoea nyumba yenye watu wengi, na joto la Kibwezi lilinipa hamu ya kulia. Alinipokea kama mdogo wake, tangu siku hiyo nikamwita Da Mutindi. Niligundua upesi kwamba akingojea laini ya mbali, hasa ikikawia, alikuwa akiimba kwa sauti ya chini bila kujua. Akikumbushwa alinyamaza na kuomba radhi.

Siku moja mwaka wa 1974 aliingia kaunta mfanyabiashara wa vitunguu aitwaye Mzee Ndolo. Kofia ilikuwa mkononi na jasho linamtiririka.

"Nani anaimba ndani ya simu?" akauliza.

"Hakuna mtu anayeimba, mzee," nikamjibu. "Hiyo ni laini ya Mombasa tu, inakuwa na kelele."

"Msichana, usinichezee. Mimi niko na santuri ya Kalunde kwangu, nimeipiga mpaka imechakaa. Huyo ni Kalunde. Na Kalunde alikufa. Sasa mniambie vizuri, hii simu yenu inapitia wapi?"

Niligeuka. Da Mutindi alikuwa ameinama chini ya ubao, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika, na sikuweza kutambua kama anacheka au analia.

Habari hiyo ilienda Kibwezi nzima. Watu wakaanza kuomba laini za miji ambako hawana jamaa, wapate kungoja. Mchungaji mmoja wa kanisa alikuja akaomba aonyeshwe nguzo ya simu ili aiombee, naye msimamizi wetu, mtu mpole ambaye hakutaka ubaya na yeyote, akampeleka akamwonyesha. Baadaye ikatoka amri kwamba opereta asitoe sauti yoyote isiyohusu kazi.

Jioni ya siku ile ya Mzee Ndolo, tulipokuwa tukifunga madirisha, nilimuuliza, "Da Mutindi, yule mzee amesema kweli? Ni wewe kwenye santuri?"

"Sijui, Sauda," akanijibu.

Nilidhani ananitania. Nilimkasirikia hata siku mbili tatu. Ilikuwa baadaye sana nilipofahamu kwamba lile lilikuwa jibu.

Sababu ya kunyamaza kwake ilikuwa ikilala kwenye kitanda kilekile alicholalia yeye. Kasyoka alipoanza shule, watoto wenzake walimwambia hana mama, alipewa tu na serikali pamoja na nyumba. Siku moja akarudi kutoka kucheza analia, hataki kula. Ilikuwa Jumamosi, na kwenye redio kulikuwa na kipindi cha nyimbo za Kikamba. Ikapigwa santuri ya Kyuso. Da Mutindi, ambaye hadi hapo hajui la kufanya, alimshika mtoto bega akamsogeza hadi kwenye redio na kumwambia, "Sikiliza. Huyo ndiye mama yako." Mtoto akanyamaza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba chakula.

Ungefanya nini baada ya hapo? Kila Jumamosi Kasyoka alikaa mbele ya redio. Alipokuwa mkubwa alipewa ile santuri, akaitunza ndani ya kitenge ingawa hakuwa na chombo cha kuipigia. Aliolewa hukohuko Kibwezi, na wanawe nao wakafundishwa kwamba susu yao, nyanya yao mzazi, ni sauti. Naye Da Mutindi akarudishwa Kitui mwaka wa 1980, nami pamoja naye, akaendelea na ubao wake, akaimba kwaya kanisani kwa sauti ndogo kuliko aliyojaliwa, na kama aliumia hakusema.

Kisha, mwaka wa 1988, ikaja simu kutoka Nairobi. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni na nikamsikia akisema maneno ya kila siku, Kitui, namba tafadhali, kisha akanyamaza zaidi ya inavyoruhusiwa. Baadaye alinieleza walivyozungumza. Mtu wa upande wa pili alisema anatafuta jamaa za marehemu Kalunde wa Kyuso, yule mwimbaji.

"Opereta? Uko kwa laini?"

"Niko."

"Unajua mtu anaweza kunisaidia?"

"Mimi ni mdogo wake," akasema Da Mutindi.

Alikuwa ni Bwana Muthama. Tepu zake za zamani zilikuwa zinaharibika na alikuwa akizihamishia kwenye kaseti kabla hazijaoza. Alitaka kurudi Kyuso, awasikilizishe wenyewe, na safari hii aandike majina sawasawa, kwa sababu katika miaka yote hiyo mtu alikuwa amemwambia kwamba mle ghalani hakukuwa na mwanamke mmoja.

Da Mutindi aliniomba niende naye. Nilikuwa likizoni, na nilijidanganya kwamba ninafuata ndengu za bei nafuu. Tulimkuta Bi. Mumbua, mama yao, mzee sana, macho yameingia ukungu lakini ulimi haujaingia kitu. Kasyoka alikuwa ametangulia kutoka Kibwezi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, santuri yake mapajani kama mtoto anayesubiri kuitwa kliniki. Bwana Muthama alikuwa amenenepa na kupata miwani. Aliweka mashine juu ya meza, akatueleza alichokijia.

"Wakati ule niliwasikia kwa hedifoni tu," akasema. "Nataka kuandika ukweli. Naambiwa mlikuwa wawili."

"Watatu," akasema Bi. Mumbua.

Wimbo wa kwanza ukaanza, ule wa mwanamke aliyerudi kwao. Sijui nielezeje. Ilikuwa sauti niliyoketi kando yake miaka kumi na mitano, lakini ikitoka kwa msichana ambaye bado hajachoshwa na lolote. Kasyoka alifumba macho, midomo ikifuata kila neno. Wimbo ulipokwisha, Bwana Muthama alisimamisha mashine.

"Mama Mutindi, huyu anayeongoza ni nani?"

Nilimwona Da Mutindi akimtazama Kasyoka. Angesema Kalunde, tungekunywa chai tukaenda zetu. Akavuta uzi uliojitokeza kwenye leso yake.

"Ni mimi," akasema.

Kasyoka akafumbua macho. "Ni wewe namna gani?"

"Huo niliuimba mimi. Mama yako alikuwa amelala juu ya magunia, alikuwa anaumwa."

"Na ule wa mume wa mkonge?"

"Nafikiri ni mimi."

"Unafikiri!" Kasyoka alisimama na santuri ikateleza kwenye mkeka. "Mama mdogo, wewe ndiye uliniambia. Ulinishika hapa kwa bega, ukaniambia sikiliza, huyo ndiye mama yako. Nimeambia watoto wangu. Nimewaambia, nyamazeni, susu yenu anaimba. Sasa mama yangu ni gani hapo ndani?"

"Kuna mmoja ni wake," Da Mutindi akajibu, na sauti yake, ile isiyokasirika wala kutetereka, ilitetereka. "Ule wa mchungaji. Huo Kalunde ndiye alianzisha, nakumbuka."

Bwana Muthama akautafuta wimbo wa mchungaji. Tukasikiliza. Haukuwa umefika katikati Bi. Mumbua alipopiga mkeka kwa kofi.

"Aka! Huyo ni mimi."

"Mwaitu, wewe uliitikia tu," Da Mutindi akamwambia mama yake.

"Nani alikuambia? Ulikuwepo? Wewe ulikuwa umetoka nje kufukuza mbuzi, maana walikuwa wanakula waya wa huyu bwana."

Ilikuwa kweli. Da Mutindi alikumbuka mbuzi. Na kama alitoka kuwafukuza, basi alijuaje ni nani alikuwa akiimba ndani? Nikaona hakika yake inamtoka usoni kidogo kidogo. Bwana Muthama alisema kwamba yeye anasikia mtu mmoja tu, mwanzo mpaka mwisho. Wakaniuliza mimi, mgeni asiye na upande. Nikasema nasikia wawili. Tepu iliporudiwa nikasema watatu. Niliombwa kwa heshima ninyamaze.

Kasyoka alitoka nje. Tulimwona kupitia mlangoni, amesimama mbele ya ghala, ambalo siku hizi lina bati, akichungulia ndani kana kwamba wameacha mtu humo. Bwana Muthama alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena, na kwa aibu yake akasahau kuzima mashine. Tepu ikaendelea kuzunguka kupita mwisho wa wimbo, sehemu ambayo haikuwekwa kwenye santuri.

Kulisikika kitu kikianguka, labda kibuyu. Halafu mwanamke akacheka, sauti nzito yenye mkwaruzo, na akasema kwa Kikamba maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya:

"Mutindi, sogea huko, umekalia leso yangu. Na huyo mtu wa nje amezima kitu chake ama bado anatusikiliza? Mtoto huyu ananipiga mateke tangu tulipoanza. Nafikiri anataka aimbiwe yeye, si gari."

Sauti nyingine, nyembamba, ya msichana, ikajibu: "Nyamaza, atasikia!" Wakacheka wote. Halafu ukabaki mvumo wa tepu.

Da Mutindi alikuwa ameikunjia mashine uso. "Nani huyo?" akauliza.

"Nani!" akasema Bi. Mumbua. "Ni mwanangu. Umemsahau dada yako?"

"Hakuwa na sauti hiyo. Kalunde alikuwa na sauti nyembamba, kama..." Akasita.

"Kama yako," mama yake akamalizia, bila ubaya.

Hapo ndipo nilipomwona rafiki yangu akilia, mara moja tu katika miaka yote hii. Miaka ishirini na zaidi alisikia redioni sauti yake mwenyewe ikiitwa Kalunde. Alimwambia mtoto ni Kalunde, akawaachia watu waseme ni Kalunde, mpaka Kalunde mwenyewe, yule wa mkwaruzo na kicheko, akamtoka kichwani na yeye asijue. Tukirudi Kitui aliniambia, "Sauda, nilimtunzia jina, nikampoteza yeye."

Kasyoka alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuja akapiga magoti mbele ya mashine.

"Rudisha," akamwambia Bwana Muthama.

Akarudisha. Leso, mtu wa nje, mateke.

"Rudisha tena."

Akarudisha tena na tena, hata mimi nikayajua maneno kwa moyo. Kasyoka alikuwa akijifuta uso kwa kiganja na huku anacheka, kisha akauliza kwa sauti ya mtoto mdogo kabisa, "Susu, huyo anayempiga mateke ni mimi?"

"Sasa ni nani mwingine?" akasema Bi. Mumbua. "Ulikuwa na fujo tangu zamani."

Kasyoka akamgeukia Da Mutindi. Nilijiandaa kwa maneno makali, na sidhani kama ni mimi peke yangu. Akamtazama, akasema, "Na wewe ulimwambia, nyamaza, atasikia." Akamshika mkono. "Nimesikia, mama mdogo."

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Tulizisikiliza nyimbo zote upya, na sasa, tukiwa na ile sauti ya mkwaruzo masikioni, kila wimbo ulianza kuwa wa Kalunde. Da Mutindi akasema labda hakuimba hata mmoja. Bi. Mumbua akasema basi hata ule wa mkonge ni wake yeye. Betri zikaisha katikati ya mabishano. Bwana Muthama aliandika majina yote matatu, Kalunde, Mutindi na Mumbua wa Kyuso, na akakataa katakata kusema nani yuko wapi. Kasyoka alipewa kaseti. Sehemu ya mazungumzo imewekwa mwanzoni kabisa, kabla ya wimbo wowote, kwa ombi lake.

Redio ilipotangaza majina hayo mwaka uliofuata, simu zilimiminika kwenye ubao wetu. Mzee Ndolo alipiga kutoka Kibwezi akitaka kuelezwa, kwa hiyo yule wa mwaka ule kwenye simu alikuwa nani. "Mzee, muda wako umekwisha," Da Mutindi akamwambia, akachomoa plagi, akacheka mpaka akashindwa kupokea laini iliyofuata. Wazee wa kanisa lake nao walimwita wamuulize kama ni kweli anaimba nyimbo za kale zisizo za Mungu. Aliwaeleza ni nyimbo za mbuzi na kupalilia, na kwa ajili ya mfano akawaimbia kipande. Walijadiliana kwa muda mrefu, mzee mmoja akaomba kipande kirudiwe ili aelewe vizuri, na kikao kikavunjika bila uamuzi. Mpaka leo hatujui kama amesamehewa au amekatazwa. Anaimba kwaya kama kawaida, ila sasa anasikika hadi barabarani.

Bi. Mumbua alifariki mwaka wa 1991, akiwa bado anadai wimbo wa mchungaji. Ubao wetu wa Kitui umeng'olewa mwaka huu, mahali pake pamewekwa mitambo inayojiendesha, na Da Mutindi anasema hana kinyongo nayo, ila haijui kusalimia. Anahamia Kibwezi. Kasyoka, ambaye yeye na mume wake wanalima bamia kwa maji ya mto, amemjengea chumba chenye dirisha upande wa baridi. Kwenye ratiba ya leo mtaona jina lake baada ya hotuba, bila maelezo. Tulimuuliza kama ataimba. Akasema ataona. Tulimuuliza Kasyoka, naye akasema tusimuulize yeye, yeye mwenyewe katika familia hiyo hajui nani huimba lini.

Jumanne iliyopita nilijaribu kwa mara ya mwisho. Tulikuwa tukifunga vitu vyake kwenye katoni. "Da Mutindi," nikamwambia, "naandika wasifu, watu watasoma. Ule wimbo wa mume aliyerudi, uliuimba wewe ama Kalunde?" Alikunja hedifoni yake, akaitazama, akaniambia, "Sauda, tangu mwaka sitini na tano nashughulika kuunganisha watu wengine. Ngoja nistaafu nipate muda wa kukumbuka."

Da Mutindi, muda ndio huu, ni wako wote. Asante kwa kila laini uliyotutafutia ilipokuwa haipatikani, kwa kila mgonjwa aliyefikiwa na daktari na kila mama aliyemsikia mwanawe wa mbali, na kwa sisi tuliojifunza kazi kwenye bega lako. Kumbuka polepole, hakuna anayekuharakisha tena, na ukikumbuka tofauti kila siku tutakusadiki kila siku. Ukaishi vizuri Kibwezi, uwe na afya na maji ya mto karibu, na usingizi usiokatwa na kengele. Na ukiimba, imba kwa sauti yote.